Muulize Fundi: Mtoto akae mbele au nyuma?

SWALI

Salaam aleikum Fundi,

Mimi ni mzaliwa wa Likoni, na sasa naishi Wilhelmsburg hapa Hamburg, huu mwaka wa sita. Nafanya kazi Altona kwenye nyumba ya kutunzia wazee, zamu ya asubuhi. Binti yangu ana miaka miwili na miezi mitatu, na Kita yake, yaani chekechea, iko karibu na kazini kwangu kwa sababu huku kwetu nilikosa nafasi. Basi kila siku tunasafiri sote wawili, kilomita tisa kwenda na tisa kurudi. Kwa treni ni kushuka na kupanda, mkokoteni wa mtoto mkono mmoja, mkoba mkono wa pili, na lifti ya stesheni siku ikifanya kazi naiombea dua.

Wenzangu kazini wamenambia ninunue Lastenrad, baiskeli ya mizigo ya umeme. Dukani nilioneshwa aina tatu: moja ina sanduku mbele, moja ina magurudumu matatu, na moja ndefu kwa nyuma kama baiskeli iliyovutwa mkia. Muuzaji akanisomea habari za nyutonimita nusu saa nzima, nikatoka kichwa kinaniuma. Mume wangu asema pesa hiyo tutie kwenye gari kuukuu, tuache mchezo.

Hali yangu ni hii. Twakaa ghorofa ya tatu, hakuna lifti. Stoo iko chini ya ardhi na ngazi zake ni kama za kisimani. Uani kuna nafasi, lakini hakuna paa. Nina yuro 3,500, nikijikaza 4,000. Navaa abaya na sitaki mtu aniambie niivue. Naogopa baridi, naogopa wezi, na zaidi ya yote naogopa kumwangusha mtoto. Niambie nichukue ipi.

Mama wa Likoni, Hamburg

JIBU

Waaleikum salaam, dada yangu wa Likoni. Mtu aliyekulia kwenye foleni ya feri hatishwi na safari ya kuvuka maji, kwa hiyo nusu ya kazi umeshaimaliza.

Muuzaji wako alianzia mwisho. Nyutonimita, yaani nguvu ya mota ya kuzungusha, ziweke pembeni kwanza. Kesho asubuhi chukua futi, ile ya fundi cherehani inatosha, upime mlango wa kuingilia uani, kona ya ujia, na ile sehemu unayosema iko wazi. Baiskeli yenye sanduku mbele ina urefu wa karibu mita mbili na nusu, nyingine mita 2.6, na upana wa sanduku ni kama sentimita 70. Ya magurudumu matatu ni fupi kidogo, lakini upana wake unakaribia sentimita 90. Ile ya mkia mrefu, zikiwemo fupi za mita 1.8, inapita popote inapopita baiskeli ya kawaida. Nimeona watu wamelipa yuro 6,000, baiskeli ikafika kwa lori, na mlango wa ua ukaikataa. Wakaiacha barabarani, na barabarani haikumaliza majira ya joto.

Nawe ukishapima, jiulize: betri ikizima nikiwa langoni, saa tatu usiku, mtoto amelala begani, nitaisukuma peke yangu? Ya mkia mrefu ina kilo kama 35, yenye sanduku inaanzia 45 na kwenda juu, na ya magurudumu matatu yenye mota huvuka 60 bila shida. Nyingi zina kitufe cha kusaidia kusukuma, kinakwenda hadi kilomita 6 kwa saa, mwendo wa mtu mwenye haraka. Kinasaidia sana kwenye kijimlima cha kuingilia uani. Ila betri ikilala, nacho kinalala.

Hebu nikwambie ya kwangu, maana nami nilichagua vibaya mara ya kwanza. Mwanangu alikuwa na umri kama wa binti yako. Mimi ni mtu wa Tanga, na Tanga ndio mji wa baiskeli, kwa hiyo nilijiona sihitaji kufundishwa na mtu. Nikaiona ya magurudumu matatu, nikasema ah, hili ni guta tu, guta la Kizungu, gurudumu mbili zimekwenda mbele. Nikalinunua kuukuu, nikamweka mtoto ndani, nikashuka nalo kwa mwendo mzuri mpaka kwenye kona. Mtu wa baiskeli akifika kwenye kona mwili wake unalala wenyewe upande wa kona, hafikirii. Nami nikalala. Guta halilali. Gurudumu la ndani likanyanyuka, likatulia hewani kana kwamba linafikiri, na sote tukaenda chini. Mtoto alikuwa amefungwa mkanda na amevaa helmeti. Alipasuka mdomo tu, akalia dakika mbili, akaomba ndizi. Mimi nililia baadaye, ndani ya nyumba.

Sisemi ya magurudumu matatu ni mbaya. Ikisimama inasimama, mtoto anapanda mwenyewe, na kwa mtu mwenye matatizo ya miguu hakuna iliyo bora. Pia ziko zinazolala kwenye kona, ingawa bei yake ni ya kumwita mumeo aje kucheka. Ila kwa kilomita 18 kwa siku, na mtu anayewahi zamu ya asubuhi, lazima utafika kwenye kona moja ukiwa na haraka. Hiyo tuifute.

Zimebaki mbili, na hapa ndipo pagumu, kwa sababu moyo wangu uko kwa moja na akili yangu iko kwa nyingine.

Moyo uko kwenye sanduku la mbele. Mtoto yuko machoni pako. Anakuonyesha mashua, unamjibu, unamwona akianza kusinzia. Mvua ikija unafunika hema la plastiki na yeye ndani yuko kama sultani kwenye machela, wewe ndiye unayelowa. Kiti kiko chini, hivyo hata ukiyumba hatoki mbali na ardhi. Usukani ni wa ajabu siku ya kwanza, kwa kuwa gurudumu la mbele liko mbali na mikono yako na limeunganishwa kwa fimbo. Ukiliangalia utaanguka, ukiangalia mbele unakokwenda baiskeli inakwenda yenyewe. Baada ya siku mbili umezoea. Hujasema kama mnatarajia mwingine, na si kazi yangu kuuliza, ila mkiwa mnatarajia, baiskeli itauliza: kwa watoto wawili wadogo sanduku linashinda.

Akili iko kwenye mkia mrefu, na kwa hali uliyoniandikia mimi nakwambia chukua hiyo, ile fupi. Inaingia uani kwako bila vita. Bei mpya zake zinaanzia karibu na mfuko wako, wakati za sanduku mbele zenye mota ya kuaminika huanza kama yuro 5,000. Decathlon walitoa yao ya mkia mrefu mwaka 2022 kwa bei iliyo chini ya yuro 3,000. Mota yake iko kwenye gurudumu la nyuma. Kwenye njia tambarare kama ya Wilhelmsburg haina neno. Lakini wewe ukitoka mtoni unapanda kwenda Altona, na kile kimlima unakijua. Mota ya katikati, iliyo kwenye pedali, inatumia gia zako na inapanda kwa raha zaidi. Ukiweza kuipata iliyotumika kwa pesa uliyo nayo, ichukue. Hizo nyutonimita ulizosomewa, 85 ni za watu wa milimani. Kwako 60 na kitu zinatosha. Tofauti ya pesa weka kwenye breki.

Breki ndiko ambako sitaki ubane. Hesabu nami: baiskeli 35, wewe tuseme 75, mtoto 13, kiti chake 3, mkoba na mboga 10. Hizo ni kilo 136 zinazokwenda kilomita 25 kwa saa kwenye mawe ya bandarini yaliyolowa. Nataka breki za diski zinazotumia mafuta, si waya, na diski ya milimita 180 mbele na nyuma. Kisha tazama kwenye karatasi za baiskeli uzito wa jumla unaoruhusiwa. Uzito huo unahesabu kila kitu pamoja na baiskeli yenyewe, jambo ambalo wauzaji hulimeza. Ndiyo sababu sikushauri ufunge kiti cha mtoto kwenye baiskeli yoyote ya umeme ukaiita imetosha: keria ya kawaida inaruhusu kilo 25 au 27 tu, na mtoto akifika miaka minne pamoja na kiti umeshafika ukingoni. Keria ya mkia mrefu inabeba mara mbili ya hapo na zaidi.

Kiti cha nyuma kwa kawaida ni cha kuanzia miezi tisa hadi kilo 22, kwa hiyo unacho kwa miaka kadhaa. Hapa Ujerumani sheria inataka mtoto wa chini ya miaka saba awe na kiti chake na miguu yake ilindwe isiingie kwenye spoku. Akikua, kiti unakitoa, unaweka godoro dogo na chuma cha kushikilia. Kasoro yake nakwambia wazi: humwoni. Akilala, kichwa kinaning'inia pembeni na wewe hujui mpaka mpita njia akuitie. Mimi nilifunga kioo kidogo kwenye usukani. Hakikuonyesha barabara hata siku moja, kilikuwa cha kumwangalia mtoto tu.

Hofu yako ya kumwangusha, nyingi yake si ya barabarani. Katika miaka niliyokaa karakana, walionijia na mtoto aliyeanguka wengi wao baiskeli ilikuwa imesimama. Mama kaweka stendi, kamfunga mtoto kitini, kageuka kuchukua mkoba, stendi ikateleza. Kwa hiyo stendi iwe ya miguu miwili, pana, na uikanyage uone kama imejifunga. Mizigo ipakie kwanza, mtoto awe wa mwisho kupanda na wa kwanza kushuka. Mkono wako mmoja usitoke kwenye baiskeli akiwa juu. Tena usimwache juu yake hata kama unafungua mlango wa Kita tu.

Jambo la pili ni reli. Njia yako inapita bandarini, na reli za treni za mizigo zimelala kwenye lami kama nyoka. Baiskeli hizi zina magurudumu madogo, inchi 20, na mfereji wa reli unayapenda. Zikate kwa msalaba, hata ikibidi ujipinde kwanza. Mvua ikinyesha, shuka usukume, zamu itangoja.

Ukipita kwenye lile handaki la zamani la chini ya mto Elbe, lile la mwaka 1911, utalifurahia. Lilijengwa kwa ajili ya makuli wa bandari, na lifti zake kubwa zilibeba mikokoteni ya farasi, sembuse wewe. Ni mita 426 tu, mita kama 24 chini ya maji, na kwa mwenye miguu au baiskeli ni bure. Binti yako ataomba mpige kelele kule ndani ili sauti irudi. Mpe ruhusa, kila mtoto huomba.

Sasa abaya. Nani atakwambia uivue? Nimekua nikiwaona mama zetu wa Ngamiani kule Tanga wakiendesha baiskeli za Phoenix na mabuibui yao, ncha wameikunja wakaikalia, na mkungu wa ndizi nyuma. Wewe unataka vitu vitatu: fremu isiyo na bomba la juu ili upande bila kurusha mguu, kifuniko cha mnyororo chote kuanzia mbele hadi nyuma, na kinga za pembeni za gurudumu la nyuma. Kwenye mkia mrefu hizo kinga huwa ni sehemu ya baiskeli, kwa kuwa miguu ya mtoto iko palepale. Ukipata yenye mkanda wa mpira badala ya mnyororo, hata mafuta hayatagusa nguo. Lakini leso uwe nayo macho. Najua utataka kumfunika mtoto kwa leso, na ni haki yake. Ncha zikunjwe ndani ya mkanda, isibaki hata moja inayopepea. Leso ikishikwa na gurudumu inavuta ilichokifunga.

Baridi ni ya mtoto, si yako. Wewe unakanyaga, yeye amekaa tu kwenye upepo. Mvalishe kama umemsimamisha kituoni nusu saa: viatu vya soli nene, glavu, na lile vazi zima la theluji.

Kuhusu betri, ya wati-saa 500 ndiyo ya kawaida. Baiskeli iliyopakia hula kati ya wati-saa 10 na 15 kwa kilomita, kutegemea upepo, na upepo wa Elbe unaujua. Kwa kilomita zako 18, majira ya joto unachaji kila baada ya siku mbili, majira ya baridi chaji kila jioni. Ni nusu uniti ya umeme, hata chai yako ya asubuhi ina gharama zaidi. Muhimu ni betri itoke: kilo mbili na nusu hivi, unaitia mkobani unapanda nayo ghorofa ya tatu. Usiiache uani kwenye barafu, wala usiichaji ikiwa bado ya baridi kama jiwe. Iache sebuleni saa moja itokwe na ubaridi wake, ndipo uiunge kwenye chaja. Tumia chaja yake yenyewe, na isiwe kwenye ujia wa kutokea.

Ukinunua iliyotumika, mwenye duka la mota hiyo anaweza kuiunga na kompyuta akasoma betri imechajiwa mara ngapi na imebaki na nguvu kiasi gani. Lipa hiyo huduma, kwa kuwa betri mpya itakula mamia ya yuro. Lala chini uangalie maungio ya fremu kwa tochi: rangi iliyopasuka kama unywele ni dalili ya chuma kilichopasuka. Hili si la kutishana. Mwaka 2024 mamlaka ya usalama wa bidhaa ya Uholanzi iliiamuru Babboe isimamishe kuuza baiskeli zake za mizigo kwa ajili ya fremu kuvunjika, na aina kadhaa zikarudishwa. Zile za zamani bado zinaelea sokoni kwa bei ya kutamanisha. Na udai risiti yenye namba ya fremu. Kwa sheria ya hapa, ukinunua cha wizi bila kujua, mwenyewe akitokea anakichukua, nawe unabaki na hasira.

Kabla hujatoa hizo 3,500, nenda ofisi ya mishahara uulize kama mwajiri wako ana mpango wa Dienstrad. Wanakukodishia baiskeli miezi 36, inakatwa kwenye mshahara kabla ya kodi, na kodi inatozwa kwa robo ya bei tu. Kwa njia hiyo hata ile ya sanduku mbele inaweza kukufikia. Ubaya wake ni kwamba mchango wako wa pensheni unapungua kidogo, na ukiacha kazi katikati ni usumbufu.

Wezi: makufuli mawili ya aina tofauti, moja likamatie kwenye chuma kilichochimbiwa ardhini. Mwombe mwenye nyumba akiweke uani, kwa barua. Uliza pia bima ya vyombo vya nyumbani kama inafunika baiskeli usiku. Nyingi hazifuniki mpaka uongeze kipengele. Usishawishiwe na zile zinazokwenda kilomita 45 kwa saa. Zinataka namba na bima kama pikipiki, na haziruhusiwi kwenye njia za baiskeli, huko ndiko unakotaka kupita.

Shemeji naye mpe salamu. Hajakosea yote, siku ya barafu nyeusi panda treni, usiwe shujaa. Lakini hilo gari kuukuu litadai bima, ushuru, ukaguzi wa TÜV na mahali pa kulaza, na saa moja asubuhi litakaa kwenye foleni ya madaraja huku wewe umeshafika Altona. Mwombe aje siku ya kujaribu. Nenda na kiti cha mtoto na mfuko wa mchele wa kilo 15, ufunge kitini, uzunguke mtaa mara tano pamoja na kusimama ghafla na kugeuka mahali pembamba. Mtoto apande baada ya mchele kushuka salama.

SWALI LA PILI

Fundi, mwanangu ana miaka mitano, shule iko kilomita nne. Kuna kijana hapa mtaani anafunga mota ya umeme kwenye baiskeli ya kawaida, anasema ya wati 1,000 ndiyo kiboko. Nina Phoenix yangu nzima kabisa. Nifunge?

Baba wa Mbagala, Dar es Salaam

JIBU

Ndugu yangu, Phoenix ni baiskeli ya heshima, lakini breki zake za fito zilitengenezwa kwa mwendo wa miguu. Mtu akikanyaga kwa utulivu anatoa wati kama 100. Ukimpa chuma hicho wati 1,000, ekseli inazunguka kwenye tundu lake, uma unafunguka, na gurudumu linaondoka bila wewe. Kama ni lazima, funga ya wati 250 kwenye gurudumu la nyuma, na kipande cha chuma cha kuzuia ekseli isizunguke, kisha badilisha breki ya mbele na ya nyuma kabla ya safari ya kwanza, si baada. Mtoto asikae kwenye keria akining'iniza miguu: mfungie kiti chenye mgongo, pa kukanyagia, na wavu juu ya spoku. Kisigino kilichoingia kwenye spoku nimekiona utotoni kwangu, sitaki wako.

Betri ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Kama kijana anaiunda mwenyewe kwa seli alizotoa kwenye kompyuta mbovu, usiilaze chumba mnacholala. Muulize ina saketi ya kuilinda isijae kupita kiasi na isipate moto? Akikuuliza saketi hiyo ndiyo nini, mnunulie chai, mshukuru, uondoke na Phoenix yako.